Waridi Jeupe la Mwanga

Mwezi huu twapenda kuwachukua katika safari fupi ya miguu, toka Kigoma bandarini hata Ujiji. Katikati ya njia tutapumzika Mwanga, mbele ya nyumba yetu, penye mti mdogo wa miiba uliotufundisha jambo tusilolitafuta.

Mtu atokaye stesheni ya Kigoma huliona ziwa karibu naye, na milima ya Kongo ng'ambo ya pili kama wingu lililolala. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo mji umepanda mlima kidogo kidogo. Huko juu ndiko Mwanga, kata mbili za Kaskazini na Kusini, penye soko na nyumba nyingi zilizokaribiana. Udongo wake ni mwekundu, na michikichi yasimama kati ya nyumba. Mvua hutujia kama mwezi wa Novemba, hunyesha hata Aprili au Mei. Kisha huja miezi ya ukame, na vumbi hufunika kila jani.

Hapo ndipo tulipopanda mwaridi wetu. Rafiki alitupa kipande cha tawi, unene wake kama kalamu ya risasi, urefu wake shibiri moja, chenye macho manne. Tukakichomeka kivulini mvua za kwanza ziliponyesha, macho mawili chini ya udongo na mawili juu. Kilipotoa mizizi tulichimba shimo la kina cha mkono mmoja mahali penye jua la asubuhi, tukachanganya udongo na samadi iliyooza vema, tukakihamisha. Mwaka wa pili kikawa kichaka cha kufika kifuani, nacho kikachanua maua meupe kama maziwa. Alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, harufu yake iliingia hata chumba cha kulala.

Si kila waridi jeupe lina harufu. Liko moja liitwalo Iceberg, lililotolewa Ujerumani mwaka 1958, nalo limeenea sana katika bustani. Maua yake ni mengi, walakini harufu yake ni hafifu. Liko jingine la Ufaransa, Blanc Double de Coubert, la mwaka 1892, lenye harufu ya kusifiwa; ila asili yake ni mwaridi wa pwani za baridi za Japani na jirani zake, nao haulipendi joto kama la ziwani kwetu. Afadhali sisi tutafute yale yenye asili ya China, kama Ducher ya mwaka 1869, yanayostahimili joto. Wala tusidhani ua hili ni la wageni tu: katika milima ya Ethiopia uko mwaridi wa mwitu, na maua yake ni meupe, yenye harufu nzuri.

Kazi yake si kubwa, bali ni ya kila siku. Maji humwagwa shinani asubuhi, si juu ya majani; maana majani yakilala na unyevu hupata madoa meusi na kupukutika. Vidukari huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Mwisho wa ukame, kabla ya mvua, matawi makavu hupogolewa. Na kwa kuwa maji huchotwa kwa taabu, sisi tuliupa mwaridi maji yaliyooshea mboga, ili pasiwe na mtu nyumbani wa kulalamika kwamba ua lanywa kuliko watoto.

Maua tuliyapeleka kanisani, na watu walitusifu. Hapo moyo wetu ukaanza kuharibika. Bibi mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mpita njia yetu kila siku ya soko, alisimama uani akaomba tawi. Alisema kwao waridi ni ua la heshima, hutiwa katika marashi na kunyunyiziwa wageni. Tulimjibu kwamba mti bado ni mchanga. Haikuwa kweli. Aliporudi mara ya tatu tuliona haya, tukamkatia tawi lililo dhaifu kuliko yote, tukijua moyoni kwamba halitashika.

Ukame wa mwaka ule tuliitwa Kasulu kumwuguza mzazi, tukakaa huko majuma sita. Kabla ya kuondoka tulirundika nyasi kavu kuzunguka shina, ili udongo usikauke. Tuliona ni busara, kumbe tumewatandikia mchwa njia. Nyasi hazifai kugusa shina; yapasa kuacha nafasi ya kiganja kizima. Tuliporudi tulishika mti, nao ukang'oka mkononi, mtupu ndani.

Siku chache baadaye tukasikia hodi. Alikuwa yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Nimesikia mti wenu umekufa. Tawi lenu limezaa. Hawa ni wajukuu wenu." Akaweka chini makopo matatu, na katika kila kopo mche wenye majani mapya.

Hatukuwa na la kujibu. Tulimsindikiza hata kwake Ujiji, na njiani tukapita mahali pa kumbukumbu, ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 chini ya mwembe. Mwembe ule haupo tena. Ila yasemekana miembe isimamayo pale leo imetokana nao. Tukatazamana kimya. Mti unaofungiwa uani hufa na mwenyewe. Mti uliogawanywa hufa mahali pamoja ukaishi mahali pengine.

Kwake tuliuona mwaridi uliotoka katika tawi letu la hila. Ulikuwa mrefu kuliko ule wetu wa kwanza, na harufu yake ilikwisha vuka ua wa jirani bila kuuliza ni nani asalio wapi.

Basi, ndugu zetu, wazazi na walimu, kama mna mwaridi nyumbani, mvua zinapoanza kateni matawi, tena yaliyo mazuri. Mpeni jirani kabla hajaomba mara ya tatu. Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake kutosumbuka, aliwaonyesha maua ya kondeni, ambayo hayana ukuta. Ile miche mitatu tumepanda mmoja Mwanga. Wa pili uko kanisani. Na wa tatu tumempa jirani ambaye hakutuomba.