Mtu wa Nne

Ukidhani kusafisha akili ni kufumba macho tu, msome Patanjali: anakurudisha kwa watu. Katika Yoga Sutra, sura ya kwanza, anataja wanne. Mwenye raha, mfanye rafiki. Mwenye mateso, mhurumie. Mwema, furahi naye. Mwovu, achana naye. Hivyo ndivyo akili inavyotakata.

Watatu wa kwanza nawaweza, angalau nikiwa nimeshiba. Kazi ni huyo wa nne. Kaka yangu aliuza shamba la marehemu mama bila kutuambia sisi wadogo zake. Upeksha, neno la Kisanskriti lililotumika hapo, si dharau; ni kumtazama mtu bila moyo kuchafuka. Basi kila alfajiri nashika mala yangu, shanga 108, nazisogeza kwa kidole gumba na cha kati. (Cha shahada hukaa pembeni. Naona sawa, ndicho tunachonyooshea watu.) Shanga ya ishirini haijafika, kaka huyo hapo, na mkataba wake mkononi.

Juzi kapiga simu, mwanawe kalazwa. Sasa huyu ni mwovu au mwenye mateso? Patanjali kawaweka mbalimbali. Nikatuma hela ya dawa. Habari za shamba sikuuliza, ingawa zilinifika kooni.