Alamu 275 ndani ya dakika 11

Jamani, kila nikirudi kutoka Kilwa watu wananiuliza habari za magofu ya Kisiwani. Mimi safari hii kichwa changu kilikuwa Songo Songo. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, ikaanza kuja Dar mwaka 2004: kilomita 25 za bomba chini ya bahari hadi Somanga, halafu kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo. Nani atalikagua lote kwa macho kila saa? Injinia analiona kwenye skrini tu: presha, joto, vali ipi imefungwa.

Sasa hizo skrini anazichora nani? Rafiki yangu injinia (kiwanda chake sikitaji) alinionyesha ya kwao. Rangi kama taa za disko! Nyekundu ya hatari na nyekundu ya urembo zimekaa pamoja, na vitufe vidogo ambavyo ukivaa glavu huvibonyezi.

Si mzaha. Julai 1994, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta Milford Haven, Wales, waendesha mitambo wawili walipigiwa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Watu 26 walijeruhiwa. Kompyuta ilisema yote kwa mpigo, ikawa kama haijasema kitu.

Nyie wadau mnaotengeneza programu za kuagizia chipsi kuku hapo Dar, mnajua mteja anapenda kitufe cha rangi gani. Hivi kuna aliyewahi kukaa zamu ya usiku na injinia, saa tisa hivi, akaangalia macho yake yanakimbilia wapi kwanza?