Bunduki ya Upepo na Maneno Yake

Neno bunduki halikuanza na baruti. Kwa Waarabu, bunduq ni kokwa ndogo ya mviringo iliwayo kama lozi. Kutokana na umbo hilo, likaitwa vivyo hivyo gololi lililorushwa kwa upinde. Silaha ya moto ilipokuja, ilirithi jina lenye wenyewe. Kwa hiyo tusemapo bunduki ya upepo, ile isiyojua baruti, tunalirudisha neno karibu na kwao.

Haya nimeyatafakari hapa Raskazone, nikimsaidia mjomba kuifufua bunduki ya marehemu babu. Rasi hii ina kumbukumbu kubwa zaidi ya bunduki: Novemba 1914 majeshi ya Uingereza yaliyotoka India yaliteremka hapa, yakashindwa na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakashiriki. Ya babu haikuwa na makuu. Kazi yake ilikuwa kunguru, wale walioletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 wakaenea mwambao wote, na ambao hadi leo hawamwachii mkaza mjomba kifaranga. Kwa kuwa silaha ni silaha, mjomba alitangulia polisi, bisibisi ikafuata.

Ufanyaji kazi wake ni mwepisi kuueleza. Mkono ukisukumwa, pistoni huibana hewa, na vali huiruhusu kuingia bila kuirudisha. Kila msukumo huwa mzito kuliko uliotangulia. Kilimi kikivutwa, hewa hufunguliwa ghafla, ikakisukuma kirisasi cha milimita 4.5 ndani ya kasiba. Bunduki ya upepo waliibeba hata Lewis na Clark walipovuka bara la Marekani kati ya 1804 na 1806.

Kilichokuwa kimekufa katika ya babu ni ngozi ya pistoni, na spea yake hatukuipata mjini. Lakini mjomba alikuwa fundi wa karabai kwa miaka mingi, akiwahudumia wavuvi wa dagaa wa Deep Sea. Alifungua kopo lake la vipuri, akatoa kikombe cha ngozi cha pampu ya karabai, akakilowesha mafuta, akakipunguza kwa wembe. Pini ya mkono tuliikata kutoka spoku ya baiskeli. Kitako kilicholiwa na mchwa tulikichonga upya kwa mbao ya mvule iliyobaki kwenye mlango.

Ngozi ilitutesa siku tatu. Ikipungua, hewa huvuja. Ikizidi, pistoni hukwama. Mtunzi wa shairi anaijua adha hiyo: mizani saba mahali pa nane, na mghani hushtuka, tisa, na ulimi hujikwaa.

Mjomba ana mtoto wa jicho, hivyo kazi nyingi aliifanya kwa kupapasa, akiniomba vifaa kwa majina. Nilipotaka kumpa “paipu”, aliomba kasiba. Kasiba asili yake ni Kiarabu pia, lenye maana ya tete au mwanzi. Nilipotamka “triga”, alinyamaza hadi niliposema kilimi, yaani ulimi mdogo, na kweli kinaning’inia kama ulimi. Risasi nayo kwa asili ni madini ya timazi, hayo hayo yanayofinyangwa kuwa kirisasi. Vijana wawili waliokuja kutazama hawakuwa wamewahi kuyasikia hayo mawili ya kwanza, nao ni wazaliwa wa Tanga.

Wavuvi sasa wana taa za betri, na karabai haziletwi tena mezani kwa mjomba. Zamani kila karabai iliyoletwa ilimlazimu kutaja viungo vyake mbele ya mwanafunzi wake. Mwanafunzi hayupo, na maneno yamebaki na msemaji mmoja. Ndipo nikanunua daftari. Hadi bunduki ilipolia, nilikuwa nimeandika maneno thelathini na moja: ya bunduki, ya karabai na ya pampu.

Kunguru hatukumpata. Walitawanyika kwa mlio, na mkaza mjomba akaridhika.

Msomaji, ikiwa kwenu yupo mzee aliyekuwa fundi wa saa, wa cherehani au wa majahazi, mpelekee kitu kilichoharibika. Keti naye wakati akikitengeneza, na uwe na daftari.