Bandari Kongwe ya Cape Town: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Chini ya mlima wenye kilele bapa mfano wa meza, huko Afrika Kusini, ipo bandari kongwe ya Cape Town iitwayo Victoria na Alfred. Victoria alikuwa Malkia wa Uingereza. Alfred, mwanawe, ndiye aliyepindua behewa la kwanza la mawe baharini tarehe 17 Septemba 1860, ili uanze kujengwa ukuta wa kukinga mawimbi.

Mwana wa malkia alipindua behewa moja tu. Mengine yalisukumwa na wafungwa, ambao ndio waliovunja mawe na kuchimba bandari iliyokamilika mwaka 1870. Miongoni mwao walikuwamo Wasan wa kabila la Xam, wawindaji walionyang'anywa ardhi, kisha wakafungwa kwa kuiba mifugo. Gereza lao lingali limesimama, na Chuo Kikuu cha Cape Town hufundishia humo masomo ya biashara.

Meli zilipozidi ukubwa na shehena zikaanza kupakiwa katika makontena, kazi ilihamia magati mapya ya jirani, na yale ya zamani yakapwaya. Mwaka 1988 shirika la uchukuzi la serikali liliunda kampuni ya kuyafufua. Maghala yakageuzwa maduka na mahoteli. Ghala la nafaka la mwaka 1924, lenye urefu wa mita 57, likawa makumbusho ya sanaa za Afrika mwaka 2017.

Jambo la kusifiwa ni kwamba kazi haikufukuzwa. Gudi la Robinson, lililofunguliwa mwaka 1882, lingali likitengeneza vyombo, na wavuvi wangali wakitia nanga mbele ya macho ya watalii. Gati Na. 1, walikopakiwa wafungwa wa siasa kwenda kisiwa cha Robben, limehifadhiwa. Siku hizi wageni huvuka kwenda kisiwani humo kwa hiari yao, kupitia lango la karibu lenye jina la Nelson Mandela.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji amepona? Mwaka 2006 bandari hiyo iliuzwa kwa matajiri wa kigeni. Mwaka 2011 ilirejea mikononi mwa wananchi, na nusu yake ni mali ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali. Hivyo fedha anayotumia mtalii humfikia pia mwalimu na mwuguzi aliyestaafu. Lakini nyumba za ufukweni hapo ni ghali mno, na wengi wanaoandaa meza za wageni hurudi jioni katika mitaa ya mbali, walikosukumiwa wazee wao enzi za ubaguzi.

Mji unaotaka kuipamba bandari yake kwa ajili ya wageni hauna budi kujiuliza mapema mvuvi atatia nanga wapi, na mhudumu atalala wapi.