KUTOKA KIBAHA HATA KISARAWE: SAA YA MTAMBO NA SAA YA JUA

Tulifunga safari kutoka Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kwenda Kisarawe. Tuliteremka kwa barabara ya Morogoro hata Dar es Salaam, kisha tukapanda kwa njia ya Gongo la Mboto na Pugu mpaka vilimani. Jua lilikuwa linakuchwa. Nyumbani mwa watu televisheni zilikuwa zikisema, na adhana zikapanda juu ya sauti zake. Hapo ndipo tulipolifikiri jambo hili.

Unguja ilipata televisheni mwaka 1973, na Bara mwaka 1994. Leo jamaa wachache wenye leseni waweza kuendesha chaneli ndogo ya mji wao kwa kompyuta. Lakini ni nani atakayekesha akibadili filamu? Kazi hiyo hupewa programu. Iko moja iitwayo CasparCG, iliyotengenezwa na televisheni ya umma ya Sweden, nayo hutolewa bila ya malipo. Wenyeji wa Kibaha si wageni wa Waswidi, kwani Sweden ni miongoni mwa nchi zilizoanzisha mradi wa elimu wa Kibaha mwaka 1963.

Mtambo huandikiwa orodha: kipindi hiki saa fulani, urefu wake dakika kadha. Umeme ukikatika na kurudi, yafaa utazame saa na kushika pale ratiba ilipofika, usianze upya tangu asubuhi.

Basi hapa ndipo penye hatari. Sala ni faradhi yenye wakati wake, na dalili yake imo katika aya ya 103 ya Suratun-Nisaa. Wakati huo hufuata jua. Kibaha, mwishoni mwa Mei, jua hutua karibu saa 12 na robo. Mwanzoni mwa Februari hutua karibu saa 1 kasoro dakika 10. Mchezo wa dakika 45 ulioanza saa 12 kamili utakwisha kabla ya Magharibi mwezi wa Februari. Mwezi wa Mei utawakalisha watoto wetu nusu saa nzima baada ya adhana. Kwa hiyo mtambo usipewe saa moja ya mwaka mzima. Upewe hesabu ya jua ya kila siku, upange vipindi kwa kurudi nyuma kutoka kwenye adhana, na pengo linalobaki lijazwe kwa mawaidha mafupi.

Tena, Kibaha iko magharibi ya Kisarawe, na jua huichelewea kwa takriban nusu dakika. Aliye kilimani naye huliona kitambo kuliko aliye bondeni. Chaneli inayoitumikia miji yote miwili katika Ramadhani na iadhini Magharibi kwa saa ya Kibaha, pamoja na dakika mbili tatu za tahadhari, asije mtu akafungua saumu yake kabla ya wakati. Ama imsaki ifuate Kisarawe, kunakotangulia kupambazuka.

Wazazi, mtambo hutii ulichoandikiwa: hautambui kipi chafaa kutazamwa na binti zetu, wala haumwinui mtu kwenda kutawadha. Yatupasa tujue ni nani anayeiandika orodha hiyo, na adhana ikilia, sisi wenyewe tuwe wa kwanza kuizima televisheni.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.