Shairi Likisha Kupewa Sauti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Wakurya wana ala iitwayo litungu, yenye nyuzi nane. Mpigaji ndiye mwimbaji. Maneno yakikuudhi, mwenyewe yupo mbele yako, muulize.

Huku kwetu pwani mambo ni mengine. Ustadh Ahmad Nassir wa Mombasa, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, alitunga. Jamaa yake Juma Bhalo akaimba katika taarabu. Mtunzi afungaye safari kwenda kuyasikiliza maneno yake huyakuta yamevikwa fidla na ganuni, watu wanatuza, wala hapana amtazamaye yeye.

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya ala. Juu ya neno hawakukhitilafiana: mwenye kulitoa ataulizwa. Surat Ash-Shuaraa imewalaumu washairi, kisha ikawatoa lawamani walioamini na kutenda mema. Kwa hiyo huwaambia wanafunzi wangu: kabla hujampa mwimbaji shairi lako, lisome nyumbani mbele ya mama yako na binti yako. Ukiona haya, lichane. Likisha kupata sauti nzuri, hutaweza kuliita lirudi.