Nguvu ya Miwa Ndani ya Injini

Mdogo wangu alikuja hapa Busiu na Subaru yake yenye turbo, akitaka kuijaza ethanoli, ile itengenezwayo kwa molasi huko Kakira karibu na Jinja, ili iongezeke nguvu. Nilimzuia.

Ni kweli, ethanoli hupoza hewa iingiayo na kustahimili mgandamizo wa turbo. Lakini kilo moja ya petroli huungua kwa hewa kilo 14.7, ya ethanoli, kilo 9 tu. Hivyo injini hudai mafuta mengi zaidi. Pasipo kubadili pampu na nozeli, na kurekebisha kompyuta yake, pistoni huweza kuyeyuka.

Gari hilo ndilo liwapelekalo watoto wake shuleni. Alinuna siku mbili. Ya tatu akaenda kwa fundi kuuliza bei ya pampu.